Anayempa mtu mbwa aseme yote anayoyajua

Mheshimiwa Mhariri,

Katika toleo lenu la wiki iliyopita mlichapisha barua ya msomaji wa Jinja aliyelalamika kwamba mbwa wa jirani yake hulia tangu asubuhi wenyewe wanapokwenda kazini hadi jioni wanaporudi, akapendekeza wenyeviti wa LC, yaani halmashauri za vijiji na mitaa hapa Uganda, waruhusiwe kuwatia sumu mbwa wa namna hiyo, kwa kuwa, kama alivyoandika, ni jeuri na wamedekezwa. Kelele zile nazijua, na sina nia ya kumbeza mzazi ambaye mtoto wake mchanga hapati usingizi wa mchana. Ila naomba nafasi nieleze kinachomliza mbwa huyo, na kwa nini lawama, kwa maoni yangu, humwangukia zaidi yule aliyemkabidhi kwa watu kisha akanyamaza. Nayasema haya nikiwa nimewahi kunyamaziwa, na baadaye nikanyamaza mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Hadi mwaka jana nilikuwa nikishonea barazani kwangu, Walukuba, Jinja, na ndiyo sababu niliyochaguliwa. Watu fulani wanaowaokota mbwa barabarani waliniomba nimlee mmoja kwa muda, wiki sita tu, mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Alikuwa dume wa rangi ya kahawia, sikio moja limekatika ncha, ameshachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa na ameshahasiwa. Nilimuuliza aliyemleta kama ana tabia yoyote ninayopaswa kuijua, akanijibu kwamba ni mpole, hana neno. Jina alilokuja nalo ni Sijali. Wasomaji wanaijua desturi ya kumpa mbwa jina ili jirani alisikie, na bila shaka aliyempa jina hilo alikuwa na ugomvi na mtu uani kwake. Mbwa mwenyewe alijali kupita kiasi.

Kwa wiki tatu sikuona kasoro. Alilala chini ya meza ya cherehani, kidevu juu ya mguu wangu usiokanyaga, na nikiinuka kwenda bafuni aliinuka nami, akalala kuegemea mlango hadi nitoke. Nilidhani ni shukrani, nikawa nawasimulia wateja kwa fahari. Kwa kuwa sikutoka, ugonjwa nao haukutoka.

Wiki ya nne tulikuwa na mazishi Iganga. Nilivaa gomesi, vazi letu refu la heshima la wanawake, nikamwekea Sijali sahani ya posho, yaani ugali, na dagaa wa mukene, chakula alichokipenda kuliko vyote, nikafunga mlango na kupanda boda boda. Niliporudi saa kumi na moja jioni nilikuta mbao za chini za mlango zimechimbwa kwa makucha hadi weupe wake ukaonekana, kucha mbili zimekatika na damu imekauka juu ya kizingiti, na mbele ya mlango pana dimbwi la udenda ambalo kwanza nilidhani ni maji yaliyomwagika. Sahani ya posho ilikuwa vilevile nilivyoiacha, nzi tu juu yake. Jirani yangu Hajati aliniambia kwamba alianza kulia kabla pikipiki haijafika barabara kuu, na hakunyamaza ila kwa kuishiwa sauti.

Ile sahani ndiyo iliyonifumbua macho, ingawa ilibidi daktari wa mifugo anielekeze kuitazama. Mbwa mtundu au aliyechoshwa na upweke akiachwa peke yake hula kwanza kilichomo sahanini, kisha hutafuta viatu vya kutafuna. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa hali, hata awe na njaa, kwa sababu mwili wake wote umo katika kutafuta njia ya kutoka. Daktari aliniagiza niiache simu ikirekodi siku ya pili, na nikaona mwenyewe yale aliyonitajia: kuhema kwa haraka, kuzunguka, kukojoa ndani mbwa ambaye hakuwa akikojoa ndani, na yote yakaanza ndani ya dakika chache baada ya mimi kutoka. Mara nyingi hali hii huwa kali zaidi katika nusu saa ya kwanza. Kwa hiyo msomaji wenu anaposema mbwa yule anamkomoa bwana wake, namwomba afikirie kwamba hofu haina muda wa kukomoa. Na ule uso wa kujikunyata tunaouona tukirudi, ambao sisi huuita uso wa hatia, ni uso wa kiumbe anayesoma hasira katika sauti na mabega yetu. Ukimchapa kwa jambo alilolifanya saa tatu zilizopita, hatalihusisha na mlango. Atalihusisha na kurudi kwako, na kesho atakuwa na mambo mawili ya kuyaogopa.

Majirani walinipa tiba nyingi kwa nia njema. Wapo walionishauri nimfunge mnyororo, wapo walionishauri nimtengenezee kizimba kidogo, na mmoja alinitolea mtoto wa mbwa ili wawe wawili. Kizimba kwa mbwa wa namna hii mara nyingi ndipo anapovunjia meno. Mbwa wa pili humfaa anayekosa mwenzake, lakini wa kwangu alimkosa mtu, na mtu huyo ni mimi. Dawa zipo pia. Fluoxetini na klomipramini zimeidhinishwa huko Marekani kwa mbwa wenye hofu hii, lakini hutolewa na daktari kwa kipimo cha uzito wa mbwa na huambatana na mafunzo. Mtu asichukue vidonge vya nyumbani akajipimia.

Sisi tulikwenda kwa mafunzo peke yake, na ninataka kuyaeleza kwa sababu hayagharimu shilingi hata moja, ila yanataka mtu asiyeona haya. Mbwa haogopi mlango kufungwa tu. Huanza kuogopa pale aonapo dalili. Kwa Sijali dalili zilikuwa mlio wa funguo, viatu vya kutokea, na gomesi. Nikawa nashona nimevaa gomesi. Nilipika nayo, nikafua nayo, nikaketi barazani nayo na mshipi wake, nikapindia kaptula za shule za watoto wa watu, hadi wateja wakaniuliza kama nina kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, au nina msiba. Funguo nilizibeba kutwa nzima bila kwenda popote. Baada ya siku kumi hivi hakuinua tena kichwa akiziona. Ndipo nikaanza kutoka, kwa hesabu ya sekunde: natoka, nahesabu hadi tano, naingia, simsemeshi. Kisha kumi. Kisha dakika. Akianza kuhema, najua nimekwenda mbali mno, narudi nyuma. Baada ya miezi miwili aliweza kukaa dakika arobaini akiwa amelala, na mimi nikaweza kwenda sokoni.

Katika miezi hiyo nisingeweza kumwacha peke yake hata siku moja kupita kipimo chake, maana siku moja ya hofu hubomoa kazi ya wiki. Aliyenisaidia ni Hajati. Kwa mafundisho aliyokulia nayo, mate ya mbwa ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, na hakutaka Sijali avuke kizingiti chake. Lakini siku nilizokwenda kununua vitambaa aliweka kiti chake uani, hatua tatu kutoka alipolala mbwa, akachambua mchele wake hapo hadi nirudi. Nilipomshukuru alinikumbusha tu habari ya yule aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, akabeba ungo wake akaingia ndani.

Sasa nifikie jambo lenyewe. Baada ya yale mazishi nilimpigia simu aliyeniletea Sijali, nikambana, akakiri kwamba mbwa huyo alikuwa ameshachukuliwa na kurudishwa mara mbili, na mara zote mbili ni kwa sababu ya milango na kelele. Nilipouliza kwa nini hakuniambia, alijibu kwamba ningejua nisingemchukua. Labda. Lakini ningemchukua nikijua, nisingemfungia kutwa nzima siku ile, na zile kucha zisingekatika.

Ningependa kusema kwamba nilijifunza hapo hapo. Miezi michache baadaye mama yangu aliugua, ikanibidi nihamie huku Tororo, katika nyumba ambayo si yangu na isiyopokea mbwa. Alikuja mwenye duka mmoja wa Bugembe anayetaka mlinzi, akaniuliza kama mbwa anabweka. Nikajibu kwamba anabweka vizuri sana. Nilikuwa na siku tisa za kuhama, nikamwacha aelewe anavyotaka. Alimrudisha siku ya nne, juu ya boda boda, ndani ya gunia lililofungwa shingoni, kichwa tu nje. Zile dakika arobaini zilikuwa zimeisha. Nilianza tena kuhesabu hadi tano.

Wa pili nilimwambia yote. Ni mzee mmoja karani mstaafu na mkewe, wakaao nyumbani karibu kutwa nzima. Niliwaandikia ukurasa mmoja kwa mkono: ameishi nyumba ngapi, ameachwa mara ngapi, anaweza kukaa peke yake kwa muda gani leo, anafanya nini muda huo ukizidi, anaogopa nini, hesabu imefikia wapi, na kwamba wakishindwa wanipigie mimi kabla ya kumfungulia geti. Niliahirisha safari kwa wiki mbili. Nilimpeleka kwao kila siku pamoja na gunia lake la kulalia, kwanza tukakaa wote, kisha mimi nikawa natoka kidogo kidogo, hadi siku ile nilipotoka yeye akabaki amelala miguuni pa mzee. Nakiri kwamba niliumia kidogo.

Ombi langu kwa wote wanaowaokota mbwa na kuwagawa, na vilevile kwa sisi tunaowalea kwa muda, ni ukurasa huo mmoja. Kule Gulu upo mradi unaowapatanisha mbwa waliookotwa na watu walioumizwa na vita vya kaskazini, na huko mtu na mbwa hufunzwa pamoja. Ikiwa hilo linawezekana kwa waliopitia mambo mazito kiasi kile, sioni kwa nini tushindwe kuandika sentensi kumi. Na huu si upole wa wapenda wanyama peke yao. Mbwa anayerudishwa mara ya tatu kwa kawaida harudishwi popote. Hufunguliwa geti usiku. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa hukipata kutoka kwa mbwa, na dalili zikishajitokeza mgonjwa karibu daima hufa. Kila mbwa anayetupwa barabarani, chanjo yake ikaisha nguvu bila mtu wa kuirudia, ni jambo la msomaji wenu na mtoto wake pia, na sumu anayoitaka haichagui kati ya mbwa, kuku na mtoto anayeokota vitu chini.

Kuhusu mbwa wa jirani yake, namshauri aende akawaulize wenyewe kwa upole kama wanajua kinachotokea wakishaondoka, kwa maana wengi hawajui. Wao humwona mbwa aliyechangamka asubuhi na aliyechangamka jioni. Awarekodie kwa simu dakika kumi awasikilizishe.

Mzee alinipigia Jumapili iliyopita. Sijali sasa hukaa peke yake ibada nzima, na ibada za kanisa lao si fupi. Dalili iliyowasumbua muda mrefu ilikuwa koti la mzee la kanisani, kwa hiyo tangu Januari amekuwa akilivaa anapopukuchua mahindi, na mkewe ameshachoka kulifua.

Wako mtiifu,
Fundi cherehani, aliyekuwa Walukuba, Jinja