Mgeni getini siye anayepanga ujira

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita akitamani Tanzania nayo ipate kiongozi wa aina ya Donald Trump, atakayewaondoa wageni wote wanaofanya kazi ambazo mzawa anaziweza, ili mishahara ya watu wa chini ipande. Sikuichukulia barua hiyo kuwa ya mzaha, wala sipendezwi na wasomi wanaowacheka watu wenye mawazo hayo. Nilikuwa karani wa ghala kwa miaka 23, mingi kati ya hiyo kando ya Barabara ya Nyerere (sisi wa zamani bado tunaiita ya Pugu), na ninajua anavyojisikia mtu aliyetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, akapanda daladala mbili, akafika getini na kuambiwa kwamba leo watu wametosha, huku akimwona ndani kijana ambaye hata Kiswahili chake hakijanyooka ameshashika toroli. Hasira yake ni ya haki. Ninachobishia ni upande anaoelekezwa kuimwagia.

Nieleze niliyoyaona mwenyewe. Ghalani kwetu vibarua wa kupakua makontena walichaguliwa kila asubuhi na nyapara, naye wakati ule alikuwa akiwalipa shilingi 5,000 kwa siku. Wakaja vijana watatu kutoka nchi jirani, waliopanga chumba kimoja Tandika, wakakubali 3,500. Haikupita wiki mbili nyapara akawatangazia vijana wetu kwamba sasa ni 4,000 kwa wote, na asiyetaka akae pembeni kwa kuwa wapo watakaotaka. Mtu aliyesimama getini siku hiyo angeapa kwamba wageni ndio walioushusha ujira, na kwa macho yake asingekuwa amekosea. Lakini vocha ya malipo niliiandika mimi, na vocha hiyo haikubadilika hata siku moja: ilisomeka 5,000 kwa kila kichwa, kwa wenyeji na kwa wageni. Tofauti iliishia njiani, kati ya dirisha la mhasibu na kiganja cha kibarua. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nami nilikuwa na watoto shuleni, sijivunii hilo.

Kwa nini wale watatu walikubali 3,500? Hawakuwa na matumbo madogo kuliko ya vijana wetu. Hawakuwa na vibali, kwa hiyo wasingeweza kwenda kwa Ofisa Kazi, wala Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wala kwa mtu yeyote mwenye meza na muhuri. Mmoja wao alibanwa kidole na paleti ya mbao ya kupangia mizigo, ukucha ukatoka, akafungwa kitambaa cha kufutia mashine na kuambiwa asirudi mpaka apone. Hakulalamika. Huyo ndiye mfanyakazi ambaye nyapara wa aina ile anamtafuta kwa tochi: anayejua kwamba akifungua mdomo ataondoka yeye kwanza. Kwa hiyo kila tunapoiongeza hofu ya mgeni bila kumgusa anayemwajiri kwa siri, tunazidi kumfanya awe rahisi, na urahisi wake unamfikia mzawa aliyesimama naye kwenye foleni.

Siku moja maofisa walikuja kukagua vibali, wakawachukua wote watatu. Vijana wetu walipiga miluzi. Kesho yake foleni ilikuwa ndefu vilevile, ya watu kutoka Lindi, Mtwara, Tabora na Dodoma, wote raia, na ujira ulikuwa 4,000 ileile. Nilingoja mwezi mzima nione kama ungerudi 5,000. Haukurudi mpaka ninahamishiwa ghala lingine.

Ninamwomba mwenzangu anayemsifu Trump aangalie pia historia ya Marekani yenyewe. Kuanzia mwaka 1942 nchi hiyo ilikuwa na mpango uliojulikana kama bracero, ulioleta wanaume kutoka Mexico kuvuna mashambani kwa mikataba ya muda, na katika miaka ya kilele waliingia karibu nusu milioni kwa mwaka. Mpango ulifutwa mwishoni mwa 1964, na hoja kubwa ilikuwa hiihii ya msomaji wako, kwamba wakiondoka ujira wa kibarua wa mashambani wa Kimarekani utapanda. Wachumi waliokuja kulinganisha takwimu za ujira za majimbo yaliyowategemea sana wageni hao na yale yasiyowategemea hawakuona kwamba kuondoka kwao kuliupandisha. Wenye mashamba walileta mashine, hasa kwenye nyanya za California, na mazao mengine yaliyohitaji mikono mingi wakayapunguza.

Sisemi kwamba wageni kamwe hawashushi ujira. Wachumi wenyewe hawajaelewana. Wacuba wapatao 125,000 walipoingia Florida mwaka 1980, wengi wao wakabaki Miami, David Card alichunguza na kukuta kwamba mishahara ya wenyeji haikutikisika sana. Miaka mingi baadaye George Borjas akarudia hesabu na kusema kwamba wanaume wasiomaliza sekondari waliumia vibaya. Mimi niliyekaa getini sishangai kuona wote wawili wana la kusema. Ila hakuna kati yao anayeweza kumlaumu mhamiaji kwa jambo hili moja: kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani kilipandishwa hadi dola 7.25 kwa saa mwezi Julai 2009, na tangu hapo hakijaongezwa hata senti. Majimbo mengi yana viwango vya juu zaidi, lakini yapo yaliyobaki palepale. Si Mmexico aliyekizuia Bungeni. Wala si yeye aliyewatoa wafanyakazi kwenye vyama vyao, ambavyo katika miaka ya 1950 vilikuwa na karibu theluthi moja ya waajiriwa na leo vina takribani mmoja kati ya kumi.

Hapo ndipo ninapomtambua Trump kwa ujuzi wake, hata kama simpendi. Ajira za viwandani nchini mwake zilikuwa zaidi ya milioni 17 mwaka 2000, na miaka kumi baadaye hazikufika milioni 12. Miji mizima ilibaki na mageti yenye kufuli, na waungwana wa vyama vyote viwili wakawaambia watu kwamba uchumi unakua. Alipojitangaza kugombea tarehe 16 Juni 2015, aliwaambia kwamba mmeibiwa. Mtu aliyeibiwa kweli hamsahau wa kwanza kumwambia hivyo, na wala hamsaili sana anapomwonyesha mwizi. Uingereza ilikuwa hivyohivyo. Watu wa miji ya viwanda vilivyokufa waliahidiwa kwamba wakitoka Umoja wa Ulaya wageni watapungua, asilimia 51.9 ya wapigakura wakaamua kutoka mwaka 2016, na miaka michache baadaye idadi ya wahamiaji ikavunja rekodi, safari hii wengi wakitoka nje ya Ulaya.

Ambaye mifano ya Wazungu haimridhishi aitazame Nigeria. Mwezi Januari 1983, bei ya mafuta ikiwa imeanguka na uchaguzi ukikaribia, serikali ya Shehu Shagari iliwaamuru wageni wasio na vibali waondoke ndani ya wiki chache. Waliotoka wanakadiriwa kufika milioni mbili, wengi wao Waghana, wakibeba vitu vyao kwenye mifuko mikubwa ya nailoni yenye miraba, ambayo kule hadi leo inaitwa kwa jina lenye maana kwamba Waghana sharti waondoke. (Ghana nayo ilikuwa imewafukuza Wanigeria mwaka 1969, kwa hiyo wapo walioshangilia kama kulipiza kisasi.) Shagari alishinda uchaguzi mwezi Agosti. Bei zikaendelea kupanda, kazi zikaendelea kukosekana, na tarehe 31 Desemba mwaka huohuo jeshi likampindua.

Nirudi nyumbani. Amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni, mimi naiunga mkono kwa sehemu kubwa, na siombi radhi kwa hilo, kwa sababu si haki mtu aje na mtaji kutoka ng'ambo kuuza rejareja mbele ya machinga wa Kariakoo. Nimefurahi pia kwamba amri inamtoza faini raia anayemficha mgeni kwa kumwazima jina lake. Lakini amri hiyo inahusu nani mwenye duka. Binti anayesimama nyuma ya kaunta kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku haimgusi, na kwa niliyoyasikia kwa wanangu wawili waliowahi kuuza maduka ya Kariakoo, mmoja kwa mwajiri mgeni na mwingine kwa mzawa, malipo yalipishana kwa nauli ya daladala tu.

Na tusisahau kwamba sisi pia ni wageni wa watu. Mtoto wa dada yangu alizamia Sauzi akiwa na miaka 19. Mwezi Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilipoua watu 62 kule, alijificha siku nne kwenye stoo ya kinyozi, na alipopiga simu alimwambia mama yake kwamba kosa analoambiwa mtaani ni kukubali malipo madogo. Hakuwa na kibali. Angeyakataa kwa kumshitakia nani?

Serikali imetangaza kima cha chini kipya cha sekta binafsi, ambacho wastani wake umepanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi kuanzia Januari 1, 2026. Magazeti yote yaliandika wastani huo, nami nilifurahi kuusoma, lakini kibarua wa getini halipwi kwa wastani wala kwa mwezi. Amri za mishahara zina jedwali la kila sekta, lenye kiwango cha saa, cha siku, cha wiki na cha mwezi, na katika miaka yangu yote ya ukarani sikuwahi kuliona limebandikwa ukutani mahali ambapo mpakuzi wa mizigo angelisoma kabla ya kukubali bei ya nyapara.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, ni dogo. Chapisha jedwali hilo zima katika gazeti lako, kwa herufi zinazosomeka, sekta ya biashara na viwanda ikiwa juu kabisa, ikiwezekana siku ya Jumatatu. Nitanunua nakala kumi kwa fedha yangu ya pensheni na nitazipeleka mwenyewe kwenye lile geti, kabla ya saa kumi na mbili.

Karani Mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam