Tusiwaue chonga na vimulimuli kwa sumu moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa kilimo. Hapa Pangani muuza dawa mmoja ametushauri wakulima wa minazi tupulizie sumu magogo na majani yote yaliyooza, hadi ukingoni mwa msitu, ili tuwamalize mbawakawa. Baadhi ya majirani wameshapulizia. Nimeumia sana.

Chonga, yule mbawakawa anayetoboa minazi, namjua. Mwaka jana niliona makuti ya mnazi wangu yamefunguka yakiwa yamekatwa mshazari, kama kwa mkasi. Mkwezi alipopanda alikuta tundu karibu na kilele, linatoka nyuzi zilizotafunwa, bado mbichi. Akaingiza waya uliopindwa ncha, akamvuta: mweusi wa kung'aa, pembe moja kichwani, miguu inakwaruza kiganja. Huyo ndiye adui. Lakini funza wake, yule mnene mweupe anayejikunja, hula vitu vilivyooza kama mbao na samadi. Mnazi ulio hai haugusi. Kwa hiyo tupasue magogo ya minazi iliyokufa shambani, tuwatoe funza, kuku watawamaliza.

Kimulimuli naye ni mbawakawa, ingawa wengi hushangaa wakiambiwa. Dada yangu kaolewa Amani, kule Muheza, na nikimtembelea usiku wa mvua huwaona wakiwaka na kuzima juu ya majani, wakitafutana dume na jike. Mwanga ule hauna joto, ndiyo maana mtoto humshika asiungue. Maisha yake si kama ya chonga: kwa chonga mharibifu ni mkubwa, kwa kimulimuli mwindaji ni mtoto. Funza wake hutambaa chini kwenye majani yaliyolowa akiwinda konokono. Humuuma, humpooza kwa sumu yake, ndipo anamla. Na konokono ndio wanaotafuna miche yetu ya mchicha!

Sasa tazama hiyo sumu inamfikia nani. Chonga mkubwa yuko juu mnazini, amejificha ndani ya tundu. Anayekufa pale msituni ni huyu wa chini, mla konokono.

Tafadhali chapisheni picha za funza hao wawili, na mabwana shamba waje watuonyeshe kwenye gogo lenyewe. Mvua za vuli zinakaribia, na majirani zangu wawili bado hawajapulizia.

Mkulima wa minazi,
Pangani, Tanga