Matone yanayotuliza jicho haraka yanaweza kulichelewesha kupona

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo sisi tunaohudumia wagonjwa wa macho tunakutana nalo mara kwa mara, nalo ni dawa za matone anazotumia mtu aliyekwaruzwa konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni. Wagonjwa hawa aghalabu ni mafundi wa kuchomelea vyuma, wapasua kokoto, na wakulima waliochomwa na jani la mahindi au suke la mpunga. Wengi wao hufika kwetu wakiwa wameshapita duka la dawa, na si mara moja wala mbili dawa waliyouziwa ndiyo iliyolifanya jicho la kupona kwa siku mbili lifike wiki ya pili likiwa na kidonda.

Konea ina unene wa takriban nusu milimita tu katikati, na juu yake imefunikwa na utando laini wa tabaka 5 hadi 7 za seli. Utando huu ndio unaochubuka, na kwa kuwa umejaa ncha za mishipa ya fahamu, mchubuko usioonekana kwa macho matupu humtoa machozi mtu mzima. Tukidondoshea jicho rangi ya fluoresini na kulimulika kwa mwanga wa buluu, sehemu iliyochubuka hung'aa kijani na ukingo wake huonekana wazi. Mgonjwa akirudi kesho yake, kama hakuna kilichoingilia uponyaji, ile kijani huwa imepungua kutoka pembeni kuelekea katikati, kwa sababu seli za jirani zimejinyoosha na kusogea kuziba pengo, kama watu waliokaa mkekani wanavyosogeleana mwenzao anapoinuka. Baadaye seli mpya, zinazotokea pale konea inapokutana na weupe wa jicho, huongezeka na kuurudishia utando unene wake. Mchubuko mdogo kwa kawaida hufunga ndani ya siku 1 hadi 3.

Kazi ya antibiotiki katika siku hizo ni kuzuia bakteria wasiingie wakati utando uko wazi. Haiongezi kasi ya seli. Hata hivyo kinga hiyo ina thamani kubwa. Katika wilaya ya Bhaktapur nchini Nepal, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba wanakijiji waliochubuka konea na kupewa na wahudumu wa afya wa vijijini mafuta ya macho ya kloramfenikoli ya asilimia 1, mara tatu kwa siku kwa siku tatu, karibu wote walipona bila maambukizi, na miongoni mwa waliotibiwa ndani ya saa 18 baada ya kuumia hakuna hata mmoja aliyepata kidonda cha konea. Dawa hiyo ni ya bei nafuu na inapatikana hata kwetu.

Shida inaanza na dawa ya ganzi. Tangu Carl Koller wa Vienna alipoonyesha mwaka 1884 kwamba kokeini hutia jicho ganzi, upasuaji wa macho ulibadilika kabisa, na leo tone moja la tetrakaini hutuwezesha kutoa kipande cha chuma bila mgonjwa kushtuka. Lakini tone hilo ni la kutumiwa na mtoa huduma wakati wa kazi hiyo, si la kupelekwa nyumbani. Likirudiwa rudiwa, huzuia seli kusogea na kushikamana, hupunguza kupepesa na machozi, na humwondolea mgonjwa maumivu ambayo yangemwambia kwamba hali inazidi kuwa mbaya. Nimeona kichupa kimoja cha ganzi kikizunguka karakana nzima, kila fundi akidondoshea jicho linalowasha kwa mwanga wa kuchomelea kisha akirudi kazini. Konea iliyotendewa hivyo kwa siku nyingi huweza kuwa nyeupe, kulainika, na hata kutoboka.

Linalonisumbua zaidi ni steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na wekundu, kama vile deksamethazoni, betamethazoni na prednisoloni, kwa sababu zinasifiwa sana. Wekundu hupungua upesi, mgonjwa anafurahi, na muuzaji anaonekana bingwa. Kumbe kilichotulia ni kinga ya mwili, ile iliyokuwa ikipambana na vijidudu, na utengenezaji wa kolajeni, ile protini inayoliimarisha kovu, nao umepungua. Kama kilichoingia na lile jani la mahindi ni fangasi, hapo hustawi bila kipingamizi; na kama tatizo ni virusi vya herpesi, kidonda chenye umbo la matawi hutanuka na kuwa kidonda kipana. Wanunuzi wengi hawajui kwamba wanatumia steroidi, kwa kuwa imechanganywa katika kichupa kimoja na jentamaisini au neomaisini, nao wanaambiwa tu kwamba hiyo ni antibiotiki. Jina la pili kwenye lebo ndilo la kusoma. Sisemi steroidi zifutwe, maana baada ya upasuaji na katika uvimbe wa ndani ya jicho zinaokoa uwezo wa kuona; nasema zitolewe na mtu aliyelichunguza jicho.

Hata antibiotiki halali ikidondoshwa kila nusu saa bila maelekezo huweza kuchubua upya, hasa jentamaisini, pamoja na kihifadhi kiitwacho benzalkoniamu kilichomo katika matone mengi, yakiwemo ya presha ya macho. Wagonjwa wa presha ya macho wasiache dawa zao kwa kusoma haya. Wamweleze daktari tu kwamba wameumia.

Kwa upande wa fangasi, tafiti zilizofanyika katika hospitali ya KCMC mjini Moshi na Mbarara nchini Uganda zimeonyesha kwamba wanasababisha sehemu kubwa ya vidonda vya konea katika ukanda wetu. Natamaisini, dawa inayowafaa, iliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini mgonjwa wa kijijini bado anaweza kuitafuta duka hadi duka asiipate.

Kwa hiyo ninaliomba Baraza la Famasi, kupitia mafunzo ya watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu, liweke sharti moja jepesi: kabla ya kuuza tone lolote la macho, muuzaji amuulize mteja kama jicho limeumizwa na kitu, na akijibu ndiyo, asimuuzie chochote chenye steroidi wala ganzi, bali amwelekeze kituo cha afya siku hiyo hiyo. Nayo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ikague vichupa vya ganzi vinavyouzwa kwa mafundi, kwani vinauzwa mchana kweupe.

Muuguzi wa macho,
Morogoro