Msimwachie Goli: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Timu Yetu ya Ngamiani

Wanangu,

Nawaandikia kwa sababu ya ile penalti ya bonanza. Wakati wa mapumziko mlimwita mwenzenu, winga ambaye hadi mwaka jana mlikuwa mkigombania kucheza upande wake, akatoka kwenye viti vya wageni waalikwa na magongo yake mawili. Mkamwekea mpira kwenye alama, mpiga picha akapiga goti, mshereheshaji akaanza kumsifu kwenye kipaza sauti kama tunavyosifu marehemu, na yeye akapiga kwa mguu wa kulia uliobaki mpira wa taratibu uliomwelekea kipa moja kwa moja. Kipa akajitupa upande mwingine. Uwanja ukalipuka kwa shangwe, ndoo ya michango ikazungushwa, na fedha zikahesabiwa hadharani hadi sarafu ya mwisho. Mimi nilikaa nyuma ya goli lile na niliuona uso wake, ambao ninyi hamkuuona kwa kuwa mlikuwa mkitazama simu zenu. Kijana hakufurahi hata kidogo.

Najua mlikusudia wema, na ndiyo maana nachukua kalamu badala ya kunung'unika barazani. Lakini mtu aliyecheza mpira tangu utotoni hulijua goli alilofunga na hulijua goli aliloachiwa. Mlipomwachia lile, mlimwambia mbele ya mama yake na mbele ya mtaa mzima kwamba kuanzia sasa yeye ni mtu wa kupewa, na kwamba kushindana naye kumekwisha. Hakuna daktari aliyemwambia hivyo. Daktari alimkata mguu chini ya goti ili aokoe uhai wake, akamwambia afanye mazoezi.

Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikiuguza majeruhi, na vijana wa umri wenu waliopoteza viungo wamepita mikononi mwangu wengi. Mwanzoni huuliza kama watapona, baadaye huuliza kama watafanya kazi na kama wataoa, na swali la mchezo hulificha mpaka mwisho kwa sababu wanaliogopa jibu lake. Mwenzenu alipolitoa hatimaye, alilitoa kwa sauti ndogo: "Bibi, nitacheza tena?" Nilimjibu kwamba atacheza, ila atakuwa mwanafunzi upya katika mchezo wenye sheria zake, na kwamba mwezi wa kwanza utamchosha kuliko mazoezi yoyote aliyowahi kufanya.

Mchezo huo upo, wanangu, na nchi yetu inaucheza. Timu ya taifa ya soka ya watu wenye ulemavu, Tembo Warriors, ilikwenda Istanbul mwaka 2022 kwenye Kombe la Dunia ikafika robo fainali. Kila upande una wachezaji saba. Wale sita wa ndani huchezea mguu mmoja na magongo, na mguu bandia huvuliwa kabla ya mchezo kuanza; gongo likiugusa mpira kwa makusudi ni kosa, kama ilivyo kwenu kuunawa, na kigutu nacho hakiruhusiwi kuucheza. Hakuna kuotea. Kipa ni mchezaji mwenye kasoro ya mkono, naye haruhusiwi kutoka nje ya eneo lake. Mchezaji hukimbia kwa mikono, kisha kwa nukta moja ya wakati uzito wake wote hubaki juu ya magongo huku mguu ukipita katikati kupiga shuti. Mabega, viganja, tumbo na nyonga hufanya kazi ambayo ninyi mwaigawa kwa miguu miwili. Mtu hafiki hapo kwa kupigiwa makofi.

Kipa mwenye kasoro ya mkono ananikumbusha kijana mwingine, na niruhusuni nimsimulie, kwa kuwa habari yake ndiyo iliyonikosesha usingizi usiku ule wa bonanza. Alikuwa mfanyakazi wa shamba la mkonge, kipa hodari wa timu ya shambani, na mkono wake ulinaswa kwenye korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, akiwa zamu. Tulimuuguza akapona, akarudi kwa wenzake. Wenzake walimpenda, nasema hivyo kwa haki yao. Walimpa kazi ya kulinda nguo na viatu vyao wakati wa mechi, wakamtambulisha kwa wageni kama shujaa, na kila timu iliyokuja ilipelekwa kumpa mkono. Hakuna aliyewahi kumrushia mpira ili kuona kama ataudaka kwa mkono mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa akijizoeza peke yake, jioni, kwa kuupiga mpira kwenye ukuta wa ghala na kuuwahi ukirudi. Alinieleza jambo hilo kama mtu anayeeleza siri ya aibu. Baada ya muda aliacha kufika uwanjani, na wenzake wakasema amekuwa mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa amechoka kulinda viatu. Leo hii kijana wa namna yake angesimama golini katika mashindano ya kimataifa, na ninyi mnaojua hayo, mnaobeba dunia nzima mifukoni mwenu, mmefanya yale yale waliyofanya watu wa shamba ambao hawakuwa na pa kujulia.

Kwa hiyo mchukueni mazoezini. Aanze na kusimama, kugeuka na kuanguka, kwa sababu kuanguka vizuri nako hufundishwa. Kisha pasi fupi, kisha mbio fupi, kisha mashuti. Akikosa, mwambieni amekosa. Kipa auzuie mpira kila anapoweza. Jina lake liandikwe kwenye daftari la mahudhurio na akichelewa aulizwe kama mwingine yeyote, na siku daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo akisema apumzike, apumzike, hata kama kuna mechi na mashabiki wanamtaka.

Yapo mengine ambayo nitayasema kwa ufupi.

Mnamketisha barazani tangu kahawa ya asubuhi mpaka bao la jioni, goti likiwa limekunjwa na kigutu kinaning'inia. Misuli ya nyuma ya goti hufupika, goti likakataa kunyooka, na goti lisilonyooka halifai kwa mguu bandia. Anyooshe goti kila mara, asilalie mto chini yake, na kila siku alale kifudifudi kwa muda ili nyonga nayo isikakamae.

Ngozi ya kigutu ikaguliwe kila jioni kwa kioo. Wekundu usioisha, lengelenge au jasho lililooza ni sababu ya kusimamisha mazoezi.

Magongo aliyo nayo ni ya kwapani. Uzito ukae viganjani. Akilegeza mwili na kuning'inia kwa makwapa, neva za mkono huumia na vidole hufa ganzi. Kwa mpira anahitaji magongo mepesi ya chuma yanayoshika mkono chini ya kiwiko, yenye raba nzima chini, na fedha za ile ndoo zianze hapo.

Usiku mguu usiokuwepo humuuma. Neva zilizokatwa na ubongo bado vinapelekeana habari za kiungo kilichoondoka, na maumivu hayo ni ya kweli, yana dawa na mazoezi yake hospitalini. Yule aliyemwambia mama yake kwamba mguu ulizikwa vibaya, au kwamba kuna mkono wa mtu, na akamtajia mganga wa kumaliza akiba ya nyumba ile, nataka akome leo.

Sasa nigeuke kidogo niwatazame wakubwa wenzangu, kwa kuwa vijana hawa hawakujifunza huruma ya ndoo porini. Mtoto huyu alikuwa akiendesha bodaboda usiku kwa sababu mpira wa mtaa haulipi na pikipiki hailali. Tunazipanda bodaboda hizo hizo bila kofia, watatu juu ya moja, tukimhimiza dereva akimbie, kisha tunakwenda kumpa pole wodini. Kondakta akiona magongo kituoni hugonga bati gari liondoke, na abiria wote tunanyamaza. Ofisi tunazomtuma kufuata barua ziko juu ya ngazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010, na halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mjumbe wa mtaa anayejua kuchangisha kwenye harusi ashindwe vipi kumwongoza kijana mmoja mpaka dirisha la maombi? Fungu hilo ni haki yake, na kulipata hakumlazimu kusimama mbele ya kamera.

Mwanangu kipa, najua utaisoma barua hii na itakuuma. Sikuchukii. Nilikuona ukikua, na najua ulijitupa upande ule kwa upendo. Nenda kwake bila wapambe, mwambie hutarudia, kisha mtoke wote wawili mkafanye mazoezi.

Limebaki la mguu bandia. Hautavaliwa mchezoni, lakini ndio utakaomfikisha uwanjani na kazini, na hauvaliwi mara moja ukaisha, kwa sababu kigutu huendelea kupungua katika miezi ya mwanzo, kikombe cha mguu, pale kigutu kinapoingia, kikalegea, ikabidi arudi kwa fundi kurekebishwa. Hospitali ya KCMC iko Moshi, na hapo hapo kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia. Kutoka hapa basi hupitia Segera, Korogwe, Mombo na Same, safari ya kutwa nzima kwa mtu mwenye kidonda kinachovimba akikaa. Asiende peke yake. Nahodha, niletee kabla ya Ijumaa jina la atakayemsindikiza safari ya kwanza, na jina la atakayemsindikiza ya pili, na nauli zao zitoke kwenye mfuko wa timu, ule uliotaka kuushonea jezi mpya.

Bibi yenu,
Ngamiani, Tanga