Risala ya Klabu ya TEHAMA kwa Mgeni Rasmi kuhusu Vifaa vya Mtandao vya Madarasa Mseto

Ndugu Mgeni Rasmi, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu mlio ukumbini na mnaotufuatilia kwa njia ya mtandao,

Kwa niaba ya wanachama wote wa Klabu ya TEHAMA, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tumepokea kwa furaha kubwa habari kwamba una nia ya kutuchangia kamera kwa ajili ya madarasa matatu ya mseto. Risala yetu inahusu mchango huo huo, ila tunaomba ruhusa yako tuanze na vitu ambavyo mgeni akiingia darasani havioni, yaani kebo zilizo juu ya dari, swichi iliyo kabatini, yaani kifaa kinachounganisha kebo zote za mtandao, na maikrofoni.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Darasa mseto ni somo moja linalofundishwa wakati mmoja kwa wanafunzi walio chumbani na wale walio mbali. Muhula uliopita tulilijaribu kwa kompyuta mpakato moja iliyowekwa juu ya meza ya mwalimu na kuunganishwa kwa waifai. Picha ilikuwa nzuri na wengi wetu tuliridhika. Lakini mwalimu alipouliza swali, na mwenzetu wa safu ya nyuma akalijibu kwa ufasaha, wenzetu walio nyumbani hawakusikia jibu hilo hata kidogo. Walimsikia mwalimu tu akisema, "Hapo umepata," kisha somo likaendelea. Mmoja wao alituandikia baada ya kipindi kwamba alijiona kama mtu anayechungulia darasa kutoka dirishani. Maneno hayo yalituuma, na ndiyo yaliyotufanya tukae na mwalimu wetu, tupime vyumba, tuhesabu vifaa na kuandika mpango huu.

Tulichojifunza kwanza ni kwamba sauti ndiyo inayobeba somo. Picha ikiganda kwa sekunde 5 mwanafunzi huvumilia, kwa kuwa bado anamsikia mwalimu. Sauti ikikatika kwa muda huo huo, hoja nzima imempita. Hata hivyo, sauti haidai mengi kwa mtandao, kwa maana mazungumzo ya kawaida hayahitaji hata kilobiti 100 kwa sekunde, ilhali picha safi ya 1080p inaweza kufikia megabiti 4. Kwa hiyo kosa letu halikuwa udogo wa intaneti bali umbali. Kila umbali kati ya msemaji na maikrofoni unapoongezeka maradufu, sauti inayofika moja kwa moja hupungua kwa takriban desibeli 6, lakini mwangwi wa kuta na mvumo wa feni hubaki pale pale, hadi maneno yakamezwa. Ndiyo sababu tunapendekeza kila chumba kiwe na maikrofoni 2 za dari, moja mbele na nyingine nyuma, pamoja na kifaa cha kuondoa mwangwi, ili sauti ya mwanafunzi wa mbali inayotoka kwenye spika isiingie tena katika maikrofoni na kumrudia mwenyewe.

Jambo la pili ni kebo, na hapa tunaomba utuvumilie tukieleza kwa kirefu, kwa sababu ndipo mpango wa namna hii unapoharibika kimyakimya. Waifai ni njia moja inayotumiwa kwa zamu na vifaa vyote vilivyo karibu, na katika masafa ya gigahezi 2.4 kuna chaneli 3 tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Kamera ikiwekwa humo pamoja na simu na kompyuta za darasa zima, itakuwa ikisubiri zamu yake katikati ya somo. Kifaa kilichofungwa ukutani au darini hakihami, hivyo hakuna sababu ya kukinyima kebo. Waifai tuwaachie wanaobeba vifaa vyao mikononi. Tumependekeza kebo za Cat 6A, ambazo hubeba gigabiti 10 kwa sekunde kwa umbali wa mita 100, wakati Cat 6 ya kawaida hufanya hivyo kwa takriban mita 55 tu. Mita 100 hizo ndizo kikomo cha kebo ya shaba, zikihesabiwa pamoja na vipande vya kuunganishia vya kabatini na vya darasani. Tulipofuata njia halisi ya kebo, ikipanda ukutani, ikipita darini na kushuka tena, chumba cha tatu kilitoka mita 120, ingawa kwa macho kinaonekana kiko karibu. Chumba hicho kinahitaji faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo inayobeba data kwa mwanga hadi mbali zaidi, pamoja na swichi yake ndogo, na ni afadhali kulijua hilo leo kuliko siku ambayo kamera imeshafungwa na haiwaki.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Kamera, maikrofoni za dari na vituo vya waifai tulivyovichagua hupata umeme kupitia kebo ile ile ya mtandao, hivyo hatutahitaji soketi darini. Kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003 hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu la swichi, na kile cha 802.3at cha mwaka 2009 hutoa hadi wati 30. Kwa kila chumba tumehesabu kamera 2 na kituo 1 cha waifai kwa wati 30 kila kimoja, na maikrofoni 2 kwa wati 15.4 kila moja, jumla wati 120.8, kwa vyumba vitatu ni wati 362.4. Tunasisitiza hesabu hii kwa sababu swichi mbili zenye idadi sawa ya matundu zinaweza kutofautiana sana katika jumla ya umeme zinaoweza kutoa, na iliyo dhaifu itawasha vifaa vya kwanza na kuviacha vya mwisho gizani. Tunaomba uwezo wa wati 500 kwa swichi zote kwa pamoja, ili ibaki nafasi ya nyongeza. Betri ya akiba ikifungwa kwenye swichi hizo, vifaa vyote vya darini vitaendelea kufanya kazi umeme unapokatika.

Kuhusu intaneti, wapo waliohofu kwamba wanafunzi 40 walio nyumbani wangeifanya shule itume picha mara 40. Sivyo: chumba hutuma picha mara moja kwa seva ya mkutano, yaani kompyuta ya huduma ya mkutano iliyo mtandaoni, na seva ndiyo inayoisambaza. Vyumba vitatu vinahitaji takriban megabiti 12 kwa sekunde za kupakia, yaani kutuma data kutoka shuleni, na tunashauri ziwepo angalau 25. Neno la kuzingatia ni kupakia, kwani huduma nyingi hutangazwa kwa kasi ya kupakua, yaani ya kupokea.

Kamera na maikrofoni ziwe katika mtandao pepe wake, yaani sehemu iliyotengwa ndani ya mtandao ule ule wa shule, mbali na kompyuta za wanafunzi, sauti ipewe kipaumbele cha kwanza, na nywila za kiwandani zibadilishwe siku ya kwanza. Tunaotazamwa na kamera hizo ni sisi wenyewe, na tusingependa mtu wa nje azifungue.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu ni kwamba mchango wako uanze na kebo, faiba, swichi na maikrofoni kwa vyumba vyote vitatu, na kwa sasa kila chumba kipate kamera moja badala ya mbili. Kebo ya kamera ya pili itakuwa tayari darini, na kuifunga baadaye ni kazi ya saa chache. Kupasua dari upya kwa ajili ya kebo iliyosahaulika ni kazi ya likizo nzima.

Baada ya hotuba yako, tunakuomba uketi safu ya nyuma ya chumba cha kwanza na kuzungumza kwa sauti yako ya kawaida. Kompyuta ya majaribio iko pale pale juu ya meza ya mwalimu, na mwenzetu aliye nyumbani atakuandikia yale aliyoyasikia.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya TEHAMA