Kabla hujagusa mikorosho

Shangani, Mtwara

Mwanangu Hamisi,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kusema. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Unataka tung'oe mikorosho ya Rondo, tupande mikaratusi, na baada ya miaka saba mnunuzi aivune, aikate vibanzi, apakie meli hapa kwetu, China wakatengeneze karatasi. Bandari tunayo, tena ya kina cha asili. Waingereza waliijenga kwa ajili ya karanga za Nachingwea. Karanga zikafa, bandari ikabaki. Hilo sikubishii.

Ila sikiliza biashara yenyewe. Gogo linamenywa gome, maana gome linachafua karatasi, ndipo linakatwa vibanzi vya sentimita mbili tatu. Soko la nje linahesabu tani kavu, na mkaratusi mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Tani 100 ulizozikata kwa jasho, kwenye karatasi ya mnunuzi zinasomeka kama 50. Tena vibanzi ni vyepesi, vinakula nafasi. Meli yake ni ya peke yake na inataka maelfu ya tani kwa mkupuo. Ekari zetu haziiti meli. Atakayekusanya rundo bandarini ndiye atakayekupangia bei.

Unajua nani anaongoza duniani kwa kuuza vibanzi? Vietnam! Haohao wanaonunua korosho zetu ghafi wakazibangue kwao. Kwenye korosho ni wajanja, kwenye vibanzi wamekaa kiti chetu: wakulima wao wadogo wanakata miti ya akasia ya miaka mitano, sita, na faida ya karatasi inabaki China na Japani. Kule nako wanahimizwa waiache miti ipite miaka kumi, iwe magogo ya mbao za samani, kwa kuwa bei yake ni nyingine kabisa. Lakini anayedaiwa ada ya watoto atangoja vipi?

Kwa hiyo mikorosho ibaki. Lile pori la juu, mbali na kijito, panda mitiki au misindano. Wakati wa kupunguza miti iliyosongamana, ile myembamba ndiyo iende kwenye vibanzi, kama mnunuzi bado yupo. Msindano una nyuzi ndefu, unatoa karatasi ngumu ya mifuko. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kule Mufindi ndiyo kazi yao, ingawa nauli mpaka kule, mh! Mikaratusi usiisogeze bondeni kabisa, itatunywea maji.

Na usisahau, ardhi ile ni ya mjomba wako, si yangu wala yako. Nitakwenda Rondo kuzungumza naye, ila kwanza muulize huyo mnunuzi: unyevu anapima nani, na anapimia shambani au bandarini? Jibu anipe kwa maandishi, lenye sahihi.

Mama yako anakusalimu, anasema humpigii.

Baba yako