Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Upelelezi: uso mliousambaza haumo kwenye video

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam na heshima zote. Picha ya mshukiwa iliyotolewa juzi na ofisi yako, iliyotolewa kwenye video ya kamera na kunolewa kwa akili mnemba, inapendeza: nyusi zinahesabika. Kwenye video yenyewe uso huo una upana wa pikseli (nukta za picha) 12 hivi. Nyusi zimetoka wapi?

Zimetungwa. Akili mnemba ikipewa uso wenye ukungu hairudishi kilichopotea. Inakisia kutokana na nyuso ilizofunzwa nazo, na kila ukiirudia yaweza kukuletea mtu mwingine. Mwaka 2024 jaji wa King County, jimbo la Washington, Marekani, alikataa video iliyoboreshwa hivyo katika kesi ya mauaji. Picha hiyo iondolewe, tafadhali, kabla hajakamatwa mtu anayefanana nayo. Januari 2020 polisi wa Detroit, Marekani, walimtia mtu pingu nyumbani kwake baada ya programu kumfananisha na mwizi wa kwenye kamera. Hakuwa yeye.

Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, toleo la 2014, kilitaka pikseli 250 kwa mita ili kumtambua mtu asiyejulikana; uso wa sentimita 16 hupata pikseli 40. Kamera nyingi mnazotegemea zimefungwa juu darini kwa lenzi pana, pengine kwa kubana matumizi, basi zinarekodi utosi. Programu haitibu hilo.

Uliahidi akili mnemba itawasaidia wapelelezi tu. Basi isaidie inapoweza: ipekue saa 72 za video kutafuta gari jeupe au begi jekundu, kisha mtu atazame kila ilichokiokota, maana kivuli nacho huitwa begi.

Na kabla ya yote, video ichukuliwe ipasavyo. Itolewe kwenye kinasa ikiwa katika muundo wake, mapema, kwa sababu diski ikijaa kinasa huandika juu ya video za zamani. Saa ya kinasa ilinganishwe na saa sahihi na tofauti iandikwe. SHA-256, alama ya tarakimu na herufi inayobadilika faili ikiguswa, ikokotolewe palepale, kazi ifanyike kwenye nakala. Mnachotuletea sasa kimepitia WhatsApp: kimebanwa upya, kimejaa viraba, na taarifa za ndani ya faili zimepotea. Halafu tunaulizwa kwa nini tunachelewa!

Tunaomba faili asilia. Mengine yanaweza kusubiri bajeti, hili halina gharama. Faili asilia na SHA-256 yake, Mheshimiwa, si video ya skrini iliyorekodiwa kwa simu.

Wako watiifu,
Wachambuzi wa video za upelelezi